Maziwa, Uchachu na Mwanga

Machi 2024, Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa hofu ya joto la nyuzi 45. Katika joto la namna hiyo, mama wa mtaa wa Malakia, mjini Juba, anayebandika maziwa na kuyaona yamekatika asilaumu sufuria. Bakteria wamekwisha kuigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Kipimo cha uchachu, ambacho katika maziwa mabichi ni kama 6.7, hushuka, kikifika 4.6, protini iitwayo kaseini huganda hata bila ya moto.

Wataalamu nao huchunguza jinsi asidi inavyoibadili protini. Kuichanganya kwa kawaida huchukua muda, na protini haingoji. Kwa hiyo hutumia nitrobenzaldehidi: gizani hutulia, lakini ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno hutoa asidi kabla ya kupita sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndipo mabadiliko hufuatwa tangu mwanzo.

Maziwa hayana dawa hiyo. Jua huyachachua kwa joto lake, linalowazidisha bakteria. Hata hivyo mwanga nao una hasara: huharibu vitamini B2 na kuyatia maziwa ladha mbaya. Basi yachemshwe mara yanapoletwa, yafunikwe, na yawekwe kivulini katika chombo kisichopenya mwanga. Yakikatika motoni, mtoto asipewe.