Mlango Mdogo wa Mchezo Mkubwa

Juma hili napenda tuutazame mchezo wa karata uitwao poka. Sikusudii kuufundisha. Nauandika kwa sababu vijana wetu kambini na mitaani huuzungumza sana, nao husema kwamba mtu mwenye fedha chache aweza kuyaingia mashindano ya mamilioni kwa kupitia mlango mdogo. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini ukweli ulioelezwa nusu waweza kuibomoa nyumba sawasawa na uwongo, kwa hiyo yafaa tuueleze wote.

Mlango huo huitwa satelaiti. Jina lafanana na kazi yake: kama mwezi unavyoizunguka dunia, ndivyo mashindano hayo madogo yanavyoyazunguka mashindano makubwa. Zawadi yake aghalabu si fedha mkononi. Mshindi hupewa kiti, yaani haki ya kucheza katika mashindano makubwa bila ya kulipa ada yake kamili.

Mashindano makubwa yanayosifika kuliko yote ni World Series of Poker, yaliyoanza mwaka 1970 katika jumba la Binion's Horseshoe mjini Las Vegas, Marekani. Ada ya shindano lake kuu ni dola 10,000, na imekuwa hivyo tangu miaka ya 1970. Ni wachache waliokuwa radhi kuutoa mfukoni mwao mzigo huo wa fedha. Husimuliwa kwamba Eric Drache, aliyekuwa akiyasimamia mashindano hayo, aliwaona watu kumi mezani, kila mmoja ana kiasi cha dola 1,000 mbele yake. Akawashauri wazichezee fedha hizo zote mpaka abaki mmoja, naye apate kiti cha dola 10,000. Hiyo ndiyo hesabu yote ya satelaiti: kumi wanachanga, mmoja anaingia.

Mwaka 1983 hesabu hiyo ilizaa tunda lake la kwanza kubwa. Tom McEvoy, mhasibu wa Michigan, aliingia kwa satelaiti, akawa mshindi kati ya watu 108 walioshiriki, akapata dola 540,000. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 2003, akatokea mhasibu mwingine, kijana wa Tennessee mwenye umri wa miaka 27, aitwaye Chris Moneymaker. Jina hilo ni la ukoo wake hasa, na maana yake ni mtengeneza fedha. Alianza na satelaiti ya dola 86 kwa njia ya intaneti, akapanda ngazi hadi kupata kiti cha dola 10,000. Ili apate fedha za safari aliwauzia watu wake wa karibu sehemu ya ushindi ambao bado hakuwa nao. Washiriki walikuwa 839. Mwishowe alibaki yeye na Sam Farha, mchezaji wa kazi, akamshinda na kutwaa dola milioni 2.5.

Habari hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 2004 washiriki wakawa 2,576, na mshindi, Greg Raymer, naye alikuwa ameingia kwa satelaiti. Mwaka 2006 wakafika 8,773. Kila mmoja alijisemea moyoni, "Kama mhasibu yule aliweza, mimi nimepungukiwa na nini?"

Sasa tuingie katika namna yenyewe ya kucheza. Kila anayelipa ada hupewa kete zilizo sawa na za mwenzake. Kete hizo ni vipande vya kuchezea tu, wala havibadilishwi kuwa fedha. Kila mara karata zinapogawanywa, baadhi ya wachezaji hutakiwa kuweka dau la lazima, na dau hilo hupandishwa kila baada ya muda maalumu ili mchezo usikawie. Aishiwaye na kete hutoka. Tofauti ya satelaiti na mashindano mengine iko mwishoni. Katika mashindano ya kawaida, wa kwanza hupata zaidi ya wa pili, na wa pili zaidi ya wa tatu. Katika satelaiti yenye viti vingi, wote waliosalia hupata sawasawa.

Tuchukue mfano. Watu 104 wamechanga dola 1,000 kila mmoja, mbali na ada ya mwenye jumba. Mfuko una dola 104,000, basi kuna viti kumi vya dola 10,000, na dola 4,000 zinazobaki aghalabu hupewa mtu wa kumi na moja. Aliye na mlima wa kete na aliyebakiwa na kete mbili tu, maadamu wote wawili wamo katika kumi la mwisho, hupewa kiti kile kile. Askari wanaofanya matembezi ya mazoezi yenye muda uliowekwa watalielewa jambo hili upesi: aliyefika mapema na aliyefika dakika moja kabla ya muda kwisha, wote wamefaulu.

Kwa sababu hiyo, busara ya satelaiti huonekana kinyume na busara ya poka. Wamebaki watu kumi na mmoja na viti ni kumi. Wewe una kete nyingi za kukutosha, na umepewa ree mbili, ambazo ndizo karata mbili za kuanzia zilizo bora kuliko zote. Mwenzako mwenye kete nyingi kukupita ameweka zote. Katika mchezo mwingine ungemkabili bila ya kusita. Hapa yafaa uzitupe ree zako, kwa kuwa ukishinda huongezewi hata senti, na ukishindwa umepoteza kiti ulichokuwa umekwisha kukishika. Kazi iliyobaki ni kungoja mwenye kete chache amezwe na dau la lazima. Na ili watu wa meza moja wasichelewe kwa makusudi huku wakingoja wa meza nyingine watoke, wasimamizi huamuru meza zote zigawe karata kwa pamoja, pigo kwa pigo.

Hapo twaona kwamba mchezo huu una akili ndani yake, na ajuaye kuhesabu humzidi asiyejua. Lakini yako mahesabu mengine ambayo hayafanywi mezani. Hayo ndiyo ya nyumbani, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Ziko satelaiti za ngazi, ambapo tikiti ya ngazi moja hukuingiza katika nyingine. Tufanye ada ya ngazi ya kwanza ni dola 11: dola 10 za mfuko na 1 ya mwenye mchezo. Watu kumi na mmoja hufanya mfuko wa dola 110, na mmoja wao hupanda ngazi ya pili. Huko ada ni dola 110, kati yake 10 ni za mwenye mchezo. Kumi na mmoja hufanya mfuko wa dola 1,100, na mmoja hupanda. Ngazi ya tatu ni dola 1,100, kati yake 100 ni za mwenye mchezo. Watu kumi hufanya mfuko wa dola 10,000, na mmoja hupata kiti.

Sasa zidisha: 11 mara 11 mara 10 ni watu 1,210. Hao ndio walioingia mlango mdogo ili mmoja apite. Kwa pamoja wametoa dola 13,310, na kiti kilichonunuliwa ni cha dola 10,000. Zilizobaki, dola 3,310, zimechukuliwa na mwenye mchezo ngazi kwa ngazi, karibu robo ya fedha yote. Yeye hakugusa karata hata moja. Na yule mmoja aliyepita hajapata fedha. Amepata nafasi ya kukaa na mamia au maelfu ya watu wengine, ambao wengi wao wataondoka mikono mitupu. Aghalabu kiti hicho hakirudishwi wala hakiuzwi, na nauli na malazi ni juu yake.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni kweli nyumbani, ambapo haba ni zako na kibaba ni chako. Katika satelaiti haba ni za watu 1,210, na kibaba ni cha mmoja. Moneymaker twamjua kwa jina, na ni haki asifiwe. Waliolipa dola zao 86 wakatoka usiku ule ule hawakuandikwa popote. Dola 11 kila juma ni dola 572 kwa mwaka, na fedha hiyo ingekuwa na kazi katika nyumba yoyote yenye watoto wa shule.

Basi, kijana akija na habari ya mlango mdogo, msimfokee, kwa maana atakwenda kucheza kwa siri. Mkalisheni, mpeni karatasi na kalamu, mkamwulize maswali manne. Viti ni vingapi, na wanaovitaka ni wangapi? Mwenye mchezo anachukua kiasi gani katika kila ngazi? Kiti chaweza kugeuzwa fedha, au hakigeuki? Na ada hiyo imetoka katika fungu gani la mshahara: la starehe, au la karo, kodi na unga? Akiyajibu yote na fungu likawa la starehe, amenunua burudani kama anunuaye tikiti ya mpira. Akishindwa kulijibu la nne, ijulikane kwamba jamaa yote wamo mchezoni, na hakuna aliyewauliza.