Punguza Ugali, Kisha Urudi

Nilikuwa na miaka 22 na sikuwa nimeona hedhi kwa miezi mitano. Nikapanda matatu Awasi, nikashuka mjini Kisumu, nikapanga foleni tangu asubuhi. Daktari alinipima uzito. Hakupima kitu kingine. Akaniangalia juu hadi chini, akasema: "Punguza ugali, kisha urudi." Nauli, foleni na pesa ya kumwona, yote kwa maneno manne.

Sikurudi. Miaka miwili nzima. Na hapo ndipo ugomvi wangu unaanzia, kwa sababu hedhi isipokuja miezi na miezi, utando wa ndani ya mfuko wa uzazi unazidi kuwa mnene, na hatari ya saratani hapo inapanda. Hilo hakuniambia. Aliniambia ugali.

PCOS si adhabu ya kula sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanayo, na hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajapimwa wakaambiwa. Kwa wengi wetu mwili hausikii insulini vizuri, kwa hivyo kongosho linamwaga zaidi, kama konda anayepaza sauti stejini abiria wasipogeuka. Insulini hiyo ya ziada inazisukuma ovari zitoe testosteroni nyingi. Pia inafanya ini lipunguze ile protini ambayo kazi yake ni kuishika testosteroni isizurure kwenye damu. Ndo unaona ndevu kidevuni, chunusi, yai lisilokomaa, hedhi inayokuja ikijisikia. Na insulini hiyohiyo inausaidia mwili kuweka mafuta, hasa tumboni, na mafuta hayo yanaufanya mwili uzidi kuwa kiziwi.

Ni duara. Kuingia katikati ya duara na kumnyooshea kidole mwenye mwili ni uvivu, hata ukiwa umevaa koti jeupe. Na wale wembamba wenye PCOS, maana wapo, wao waambiwe wapunguze nini?

Sikatai kwamba chakula kina kazi. Kina, sana. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi. Lakini mwongozo wa kimataifa wa 2023, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unasema hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuishinda mingine. Hakuna. Kwa hivyo na nyinyi mnaotuuzia chai ya "kusafisha ovari" mtandaoni, tulieni. Ovari si sufuria.

Sasa, nipunguze ugali nile nini? Hakuuliza. Awasi, ukipanda kuelekea Chemelil na Muhoroni ni miwa, ukiteremka Ahero ni mchele wa skimu. Asubuhi ni chai yenye sukari na mandazi, kwa sababu ndicho kinachopatikana na kinachoshika tumbo. Jioni sufuria ni moja, ya watu saba. Hakuna binti wa nyumba yetu atakayemwambia mathe, "Mimi nipikie changu kando," na alale na amani.

Halafu kuna kile hakuna daktari anayekigusa: nani anapakua. Siku ya samaki, baba anapata kati, kaka zangu wanapata vipande, sisi wasichana tunapata mchuzi na ugali wa kujazia. Ni miaka mingi ya mchuzi. Kisha mtu mjini ananiambia shida yangu ni ugali! Kama kuna wa kuhubiriwa, aanze na anayegawa samaki.

Na dawa ya sahani hiyo haitoki ng'ambo. Iko sokoni Awasi jioni, kwa akina mama waliokaa chini na mafungu yao: osuga, dek, kunde, apoth, omena ya kupimwa kwa gorogoro. Ugali ukiwa mdogo, mboga ikiwa nyingi na omena ikiwepo, sukari haipandi kwenye damu kwa haraka ileile. Uji wa wimbi bila vijiko vinne vya sukari. Nyoyo badala ya mandazi. Ni chakula ambacho dani wangu alikula maisha yake yote, na sasa tunakiona cha ushamba.

Dani mwenyewe, lakini, ananiona nimenenepa vizuri. Shangazi zangu wanahesabu miaka. Kwa Kijaluo mwanamke asiyezaa anaitwa lur, na sijawahi kusikia likisemwa kwa upole. Wengi wenye PCOS wanazaa, wengine kwa msaada wa vidonge vya kukomaza yai. Hilo nalo nililisoma kwenye simu, saa nane usiku, badala ya kuambiwa na mtu aliyelipwa kuniambia.

Mwongozo uleule unataka mgonjwa aombwe ruhusa kabla ya kupandishwa mizani. Unataka apimwe sukari na presha, aulizwe kama ana huzuni au wasiwasi. Kuuliza hakuhitaji mashine. Metformini ni dawa ya zamani ya kisukari, si ya matajiri. Swali la "jana mlikula nini, na nani alipakua?" ni la bure kabisa.

Mwaka huu nilirudi foleni, mahali pengine. Nilipoitwa, muuguzi alinyoosha mkono kuelekea mizani. Nikamwambia: kwanza keti, nikueleze.