Takse yenye haisikiwi ku mikutano

Kila mara wapinzani wanasema juu ya uchumi, wanarudilia mambo matatu: takse ziko mingi, feza inapotelea ku Kinshasa, raia haoni kitu. Martin Fayulu anasema hivyo, Moïse Katumbi anasema hivyo, na Matata Ponyo, mwenye alikuwa waziri wa kwanza toka 2012 mpaka 2016, anaongeza hesabu za bajeti. Serikali inajibu kama mapato ya hazina yamepanda kuliko zamani, na kama wapinzani wanalia tu juu hawako kwenye kiti. Ku Kolwezi, ku Likasi, ku Kipushi, tunasikiliza mabishano hayo ku redio, kisha tunarudi kwenye mambo ya bei ya bunga.

Sisi hatusemi kama wapinzani wanadanganya. Mingi ya mambo yenye wanasema iko kweli. Lakini wanapiga kelele pale penye kelele iko mwepesi, na feza yenye inatoka kimya kimya ku mushahara wa mutu wa mine, ao yenye inapaswa kurudi ku komine yake, hiyo haipate musemaji.

Tuanze na ile yenye walishinda. Mu 2020 serikali ilileta RAM, takse ya simu. Simu ya kawaida ya 2G ilipaswa kulipa dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G ao 4G dola 7. Walikuwa wanaikata katika unite, kidogo kidogo, bila kukuuliza. Mama mwenye kuuza samaki ku soko alinunua unite asubui, mbele apige simu alikuta zimepunguka. Wapinzani walipinga, vijana wa miji walipinga, hata wabunge wa upande wa serikali wakamuita waziri ajieleze ku Bunge. Mwanzo wa 2022 RAM ikafutwa.

Sababu gani ile ilikufa, na zingine zinaishi? Kwa mawazo yetu, ni juu kila mutu aliiona na macho yake ku simu yake. Hapakuomba kuwa mwana-sheria. Sasa tuangalie IPR, ile yenye iko ku karatasi yako ya mushahara. Yenyewe iko mbele ya macho yako kila mwisho wa mwezi, lakini ni nani anaisoma?

IPR inapanda kwa ngazi. Toka sheria ya feza ya mwaka 2019, ngazi zilikuwa hivi: franka 162.000 za kwanza za mwezi zinalipa 3 kwa mia. Toka pale mpaka 1.800.000, ni 15 kwa mia, toka 1.800.000 mpaka 3.600.000, ni 30 kwa mia. Juu zaidi, 40. Na yote pamoja haiwezi kupita 30 kwa mia ya mushahara wenye unalipiwa kodi. Ukisoma hivyo, unaona ni haki: mwenye kupata kidogo analipa kidogo.

Lakini ngazi hizo ziliandikwa kwa franka, na kandarasi mingi za mine zinahesabiwa kwa dola. Mu 2019 dola moja ilikuwa karibu franka 1.650. Mu 2024 ilifika karibu 2.800. Ngazi hazikutembea, franka njo ilitembea.

Tukamate mutumikaji mwenye kupata dola 900 kwa mwezi, kisha kutosha CNSS, na bila kuhesabu ile punguzo kidogo ya bibi na watoto. Mu 2019 dola zake zilikuwa franka 1.485.000. Zote zilibakia chini ya ngazi ya 30 kwa mia. IPR yake ilikuwa franka 203.310, ni kusema karibu dola 123. Mu 2024, na dola zake zile zile 900, sasa iko na franka 2.520.000. Franka 720.000 za mwisho zimeingia ku ngazi ya 30 kwa mia. IPR yake inakuwa franka 466.560, karibu dola 167. Patron hakumuongeza hata dola moja, na takse imepanda kwa karibu dola 43 kila mwezi. Ku mwaka inapita dola 500. Kwa familia yenye iko na watoto wane ku masomo, hiyo ni feza ya minerval, si feza ya bia.

Kwa kumukata hivyo, hapakuomba kupandisha asilimia ku Bunge, wala kuita waandishi wa habari. Wakati franka inaanguka, hazina inapata zaidi ku mushahara wa watu wenye wanalipwa kwa dola. Mwisho wa 2025 franka ilipata nguvu na kushuka chini ya 2.500 kwa dola moja, na hapo IPR ikapunguka kidogo. Lakini mutu yule yule wa dola 900 alipoteza ku soko, juu dola yake ilileta franka kidogo na muuzaji wa bunga hakushusha bei kwa mwendo ule ule. Serikali ilijisifu, wapinzani wakasema bei hazikufuata. Pande zote mbili ziko na haki kidogo. Lakini ngazi za IPR, penye mutu wa mine anakatwa mara ya kwanza mbele hata ya kufika ku soko, sisi hatukuzisikia ku mikutano ya mutu yeyote.

Kwa upande mwingine kuko kampuni zenye ziliachiliwa. Sicomines, ile ya mapatano ya 2008 na Wachina, ilipewa msamaha wa kodi kwa muda mrefu ili ilipe kwanza deni la miundombinu. Mu Februari 2023 wakaguzi wa serikali, IGF, walisema wazi kama Congo haikupata vya kutosha, na mu 2024 mapatano yakarekebishwa, feza ya miundombinu ikapandishwa mpaka dola miliari 7. Hapa wapinzani walisema vizuri, na hatuna la kuongeza.

Jambo lenye liko karibu zaidi na nyumba zetu ni redevanse, ile kampuni inalipa juu ya madini yenye inauza. Code ya madini ya Machi 2018 iliigawa hivi: 50 kwa mia ku serikali ya Kinshasa, 25 ku jimbo, 15 ku komine, sekta ao sheferi kwenye mine iko, na 10 ku mufuko wa vizazi vyenye vitakuja, FOMIN. Shaba inalipa 3,5 kwa mia. Kobalti, toka mwisho wa 2018 wakati iliitwa madini ya strategia, inalipa 10.

Fanya hesabu ya muzigo wa shaba wa dola milioni 1. Redevanse ni dola 35.000, na ku komine yenu inapaswa kufika dola 5.250. Kama ni kobalti ya bei ile ile, redevanse ni dola 100.000, na komine inapata 15.000. Ni muzigo mumoja tu! Sasa kaa pembeni ya barabara ya Kolwezi kwenda Likasi ao Kasumbalesa siku moja, uhesabu makamyo. Tena sheria inasema feza hiyo haipiti Kinshasa kwanza: kampuni inailipa moja kwa moja ku konti ya jimbo na ku konti ya komine. Kuko pia ile 0,3 kwa mia ya mauzo yote ya kampuni, yenye inapaswa kufanya maendeleo ya vijiji vya karibu na mine.

Kwa hiyo wakati mupinzani anasema ku meeting kama "Kinshasa inakula feza ya Katanga," anasema kweli kwa nusu. Katiba ya 2006, ku article 175, inasema majimbo yabakie na 40 kwa mia ya mapato ya taifa, ikatwe pale pale inapoingia. Haikutumikishwa hivyo wakati wa Kabila, na haitumikishwi hivyo sasa. Lakini ile 15 kwa mia haiko Kinshasa. Iko hapa. Kama shimo la barabara liko mbele ya mulango wako ku Manika ao ku Dilala, jibu la kwanza linapaswa kutoka ku ofisi ya komine, na pengine burgumestre mwenyewe ni mutu wa chama chenye unapenda. Ni raha kulaumu mutu mwenye iko mbali kilometa zaidi ya 1.300.

Tukumbuke pia kama wapinzani wa leo hawakuzaliwa jana. TVA ya 16 kwa mia, yenye tunalipa ku sabuni na ku mafuta, ilianza tarehe 1 Januari 2012. Waziri wa feza wakati ule alikuwa Matata Ponyo. Katumbi aliongoza Katanga toka 2007 mpaka 2015. Alijulikana kwa kukataza madini mabichi yasitoke, na barabara zilijengwa, hatukatai. Lakini hata wakati ule ilikuwa ngumu kwa raia wa kawaida kuona karatasi yenye inaonyesha feza ya mine yenye iliingia na namna ilitumika. Na UDPS, yenye sasa inatetea takse, ilikuwa inazilaumu mpaka 2019 ilipoingia madarakani. Kiti kinabadilisha lugha.

Na kuko kobalti. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilifunga utokaji wa kobalti juu bei ilikuwa imeanguka sana. Toka 16 Oktoba kuko kwota: tani 18.125 kwa miezi ya mwisho ya 2025, kisha tani 96.600 kwa mwaka mu 2026 na 2027. Bei ilipanda, na hilo ni jambo la serikali kushinda. Lakini redevanse inalipwa wakati muzigo unatoka. Miezi karibu minane bila kobalti kutoka ni miezi ya komine kungojea sehemu yake ya kobalti, na ni miezi ya watu wa kampuni ndogo kuambiwa wabakie kwanza nyumbani. Mwenye anataka kulaumu siasa ya uchumi, aanzie hapa: bei mupya imejaza pengo la komine, ao imejaza tu la hazina kubwa?

Desemba 2023, kwa mara ya kwanza toka Katiba ya 2006, tulichagua washauri wa komine ku miji mikubwa ya majimbo. Ku Kolwezi, Dilala na Manika ziko ndani. Kazi yao ni kuangalia bajeti ya komine: redevanse gani iliingia, ya kampuni gani, mwezi gani, ilifanya nini. Hauhitaji kupanda ndege ili umukute mushauri wako. Ofisi iko mu kartie. Chama chenye kitaita meeting ijayo ku Kolwezi, cha upinzani ao cha serikali, tungependa kiwapandishe washauri wake ku jukwaa na karatasi hizo mukononi, watusomee mustari kwa mustari.