Mpiga Kinanda wa Leipzig

Wasomaji wengi wamesikia kinanda kikilia kanisani, lakini huenda ni wachache wanaojua habari za Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyezaliwa Eisenach mwaka 1685. Kabla hajatimiza miaka 10 alikuwa yatima, akalelewa na kaka yake, ambaye naye alikuwa mpiga kinanda.

Mwaka 1703, akiwa kijana wa miaka 18, aliajiriwa na kanisa la mji wa Arnstadt. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya majuma 4 aende Lübeck kumsikiliza fundi mkuu Buxtehude. Alikwenda kwa miguu, akakaa huko karibu miezi 4! Aliporudi wakubwa wake walimkemea, lakini hawakumfukuza.

Mwaka 1723 akawa mwalimu wa waimbaji wa Leipzig, ajira aliyoishika mpaka kufa kwake. Yeye hakuwa chaguo la kwanza la halmashauri ya mji. Telemann alikuwa amekataa kazi hiyo, na Graupner hakupewa ruhusa na bwana wake. Basi Bach alitakiwa kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas na kuangalia muziki wa makanisa ya mji; na katika miaka ya kwanza alitunga wimbo mpya karibu kila Jumapili.

Mwaka 1730 wakubwa walinung'unika kwamba hafanyi kazi ipasavyo. Bach aliwaandikia barua yenye hesabu. Wavulana ni 54: wanaofaa ni 17, wanaohitaji kufundishwa zaidi ni 20, na wasiofaa kabisa ni 17. Wapiga vyombo wa mji ni 8, hali muziki wahitaji watu 18 kwa uchache. Halmashauri haikumpa alichoomba.

Mapato yake nayo hayakuwa ya hakika. Yalipata kama thaler 700 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa ilitokana na ada za arusi na mazishi. Alimwandikia rafiki yake kwamba hewa ikiwa nzuri watu hawafi sana, na mfuko wake hupungua. Akamwomba amtafutie kazi penginepo, lakini haikupatikana.

Je, alikunja mikono? La. Kwa wavulana wale wale na vyombo vile vile aliendelea kufundisha na kutunga mpaka alipofariki tarehe 28 Julai 1750. Mwaka 1829 Mendelssohn aliusimamia mjini Berlin ule utungo wake mkubwa wa Mateso kwa Mathayo, na watu wakatambua walichokuwa wamekisahau.

Kudai vifaa vya kazi kwa hesabu safi ni haki ya kila mtumishi, karani au mwalimu. Lakini majibu huenda yakachelewa, au yasije kamwe. Mkulima mwenye jembe bovu hudai jipya, wala hangoji mvua ipite.