Ngozi yake ni simu yako: sisi ni wadai, tusipigwe picha kama waombaji

Ndugu mlioacha mashamba yenu Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, leo sitaongelea bei ya unga. Nataka tuongee juu ya picha.

Kuna mchoraji Mkongomani, Eddy Kamuanga Ilunga, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1991. Alisomea uchoraji kwenye Académie des Beaux-Arts, akatoka, na mwaka 2011 yeye na wenzake wakaanzisha atelie yao, M'Pongo. Watu anaowachora wamevaa vikwembe vya rangi kali, vyenye mikunjo ambayo mama yeyote wa soko la Virunga angeitambua. Lakini tazama mikono yao, shingo na uso. Ngozi yote imejaa mistari na vidoti, sawa na ile kadi ya ndani ambayo fundi anaitoa akifungua simu yako. Wengi wameinamisha kichwa na mabega yamelegea, ila nguo zao ni za sikukuu.

Wanaotembelea maonyesho ya London wanasema ni sanaa nzuri ya kisasa, yenye kukumbusha desturi za Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Wanasema kweli. Mimi naongeza: ile ngozi ni hati ya deni.

Tufanye hesabu. Inakadiriwa kwamba machimbo ya Rubaya peke yake, kule Masisi, yanatoa karibu 15% ya koltani ya dunia. Vijana wanaichimba kwa chepe, wanaiosha kwa maji, wanashuka mlima na mifuko mgongoni. Ndani yake inatoka tantali, na tantali inaingia katika vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Wenye silaha wanaipigania ile milima, na sisi tunakimbia na godoro kichwani. Tukishafika chini ya shitingi, mtu anakuja na simu, anatupiga picha.

Nimeliona kwa macho yangu. Siku moja nilikuwa kwenye mgawanyo wa chakula karibu na Goma, mikro mkononi. Mfanyakazi wa shirika moja la kiutu alimwambia mama mmoja ashike bidoni ya mafuta, asogee kwenye mwanga, asicheke. Mama alikuwa amejifunika kikwembe kizuri, kitu pekee alichookoa. Akaambiwa akiweke pembeni, abaki na blauzi iliyochanika. Baadaye akaniuliza: «Mwandishi, hii picha inaenda wapi?» Nilikosa jibu. Nilichojua ni kwamba ilipigwa kwa simu.

Linganisheni picha hizo mbili. Ya kwanza inamvua mama kikwembe ili aonekane hana kitu. Ya pili inamwachia kikwembe, na inaonyesha kile alichotoa. Anayetazama ya kwanza anafikiri atasaidia nini. Anayetazama ya pili anapaswa kujiuliza anadaiwa kiasi gani.

Najua mtaniambia: mbona hata Kamuanga anauzia matajiri? Ndiyo, anauza. Fundi seremala naye anauza meza. Tofauti ni kwamba Kamuanga anaweka jina lake kwenye kazi yake na analipwa, lakini yule mama hakuulizwa jina wala ruhusa.

Tena mchoraji huyu hatuachi sisi salama. Katika kazi alizoonyesha London mwaka 2018 ameweka vyombo vya udongo vya Ulaya mbele ya watu wake. Ni kumbukumbu ya vitu vya kigeni vilivyoingia katika ufalme wa Kongo wakati watu walikuwa wanauzwa. Wakubwa wa wakati ule walipokea vyombo, watoto wa watu wakaenda utumwani. Je, sisi leo tumebadilika? Kijana anakopa dola ili anunue simu mpya, kisha anamcheka jirani mwenye simu ya tochi. Mkimbizi anapita, tunamdharau kwa sababu ya ndala zake. Tumeanza kupima utu wa mtu kwa kitu ambacho kimetoka kwenye mlima wa huyo huyo tunayemdharau!

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mashirika ya kiutu: kabla ya kumpiga mtu picha, mwambieni inaenda wapi, na mumwache avae kikwembe anachotaka. Walimu: waonyesheni watoto michoro hii darasani, hata kwenye simu zenu, na muwaulize ile ngozi imetengenezwa na nini. Nanyi wazazi mliokimbia: akija mtu na kamera, mnayo haki ya kukataa. Mkikubali, msianze na njaa. Anzeni na jina la mlima wenu na kile kinachotoka ndani yake.

Anayedai haombi radhi kwa kuvaa vizuri.