*TAMKO LA TAWI, MLABANI: MSHAHARA WA MSEMAJI USIWE SIRI*



Mafuriko ya 2024 yalipoingia Ifakara, nchi ilipata habari zetu kupitia waandishi wa huku huku mikoani. Wengi wa waandishi wa aina hiyo hawana mkataba. Wanalipwa kwa stori, na stori isipotoka hakuna kitu. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati chini ya Tido Mhando kuangalia hali ya uchumi ya vyombo vya habari na wanahabari. Haiundwi kamati ya namna hiyo pasipo na shida.

Upande wa pili yupo mkuu wa mawasiliano na uhusiano wa taasisi. Ana mshahara, gari, posho na fungu la matangazo mkononi. Hatuidharau kazi yake. Taasisi isiyo na msemaji huzaa uvumi.

Hoja yetu ni hii: mwandishi asiye na nauli akipandishwa gari la taasisi, akalishwa, akapewa na bahasha, kesho ataandika nini? Hapo msemaji amekuwa mhariri. Mkulima wa mpunga anasikia redioni mradi umekamilika, na bomba la mtaani kwake limekauka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunauliza: kikitembezwa kwa fedha ya umma, ni kiasi gani?

Kuuliza hivyo si uchochezi. Machi 2016, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema wapo wakuu wa taasisi za umma wanaolipwa hadi milioni 40 kwa mwezi, akaagiza wasizidi milioni 15. Oktoba 2017 akataja na mshahara wake: milioni 9. Nchi haikuanguka.

*Tunataka haya:*

1. Taasisi za umma, pamoja na TBC na TSN, zitangaze ngazi ya mshahara na posho za wakuu wa mawasiliano. Tunauliza cheo, hatuulizi mambo ya mtu binafsi.

2. Bajeti ya matangazo na "kuwezesha waandishi" isomwe mbele ya madiwani, fungu kwa fungu.

3. Wenye vyombo vya habari wawape waandishi wa mikoani mikataba na nauli, ili wasiitegemee bahasha.

*Hatua yetu:* Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Tawi litasaidia mwanachama yeyote kuandika barua hiyo. Njoo na kitambulisho, karatasi tunayo.

Na wewe mwandishi unayesoma hapa: ukija Mlabani, chai utakunywa, bahasha hutapata. Andika ulichokiona, hata kama kinatuhusu sisi.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Mlabani, Ifakara._
_Soma, kisha mtumie na jirani._