Shamba la Majini: Kipimo cha Mbolea katika Bwawa

Mwezi huu twataka kusema juu ya mabwawa ya perege yachimbwayo mabondeni, huku Kasulu na Kibondo. Wengi wafahamu kulima mahindi na maharage, walakini ni wachache wajuao ya kuwa bwawa nalo ni shamba, na zao lake la kwanza si samaki, bali ni mimea.

Mimea hiyo ni midogo mno, jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja. Ikiwa mingi hugeuza maji kuwa ya kijani. Vidudu vya majini huila, na perege huila mwenyewe. Basi mwenye kuilisha amelisha samaki wake.

Nayo yataka nini? Yataka yale yatakayo mahindi: naitrojeni, fosforasi na potasi, pamoja na mwanga wa jua na hewa ya kaboni. Justus von Liebig, mtaalamu wa Kijerumani aliyekufa mwaka 1873, alieneza fundisho hili: mmea hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote. Ni mfano wa pipa la mbao. Ubao mmoja ukiwa mfupi, maji humwagika hapo, hata nyingine zikiwa ndefu. Udongo wenye uchachu huishika fosforasi isipate kuyeyuka majini. Hapo ukitia samadi nyingi, ubao mfupi wabaki mfupi; yafaa kutia chokaa ya shamba kwanza, ndipo samadi.

Lakini neno kubwa ni kiasi. Mara nyingine mtu huamka akakuta samaki wake wote wanaelea, wamekufa, akamnung'unikia jirani kwamba ameroga au ametia sumu. Ndugu, usimshitaki mtu upesi. Mchana mimea ya maji hutoa oksijeni. Usiku haitoi, bali huivuta pamoja na samaki, na samadi inayooza huitumia pia. Ikizidi, oksijeni hupungua usiku kucha, na karibu na mapambazuko huwa haba kabisa. Samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, hiyo ndiyo dalili. Acha samadi na chakula, fungulia maji mapya yaingie, piga maji kwa matawi yapate hewa.

Kipimo hakihitaji fedha. Zamisha mkono wima polepole, kiganja kimekunjwa. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, rutuba imezidi, usitie kitu. Kikipotea maji yafikapo kiwiko, ni vema. Kikionekana bado, ongeza samadi kidogo. Lakini maji yenye tope la mvua hudanganya, ngojeni yatulie. Samadi iwekwe pembeni ndani ya uzio wa fito, isitupwe ovyo, ili ikizidi iweze kuondolewa.

Ninyi walimu, waonyesheni watoto kwa chupa mbili za kioo zenye maji ya bwawa, moja imetiwa chembe ya samadi. Ziwekeni juani juma moja au mawili, watoto wazitazame kila siku. Wakiisha kuona kwa macho yao, watawaeleza wazazi nyumbani, na huenda jirani mmoja akaokoka na lawama isiyo yake.